Ndani Kuko Aje, Baba Kibe?

Mimi Katunge niko na mdomo, na hiyo sijawahi kukataa. Soko lote la Tala linajua. Kwa hivyo mkinisikia nimekaa chini kumsifu mtu, jueni nimemchunguza kwanza, nimemtafutia kasoro mpaka nikachoka. Waithira nimempata na moja tu: anatia sukari kwa chai kama ya kupikia harusi. Zaidi ya hiyo sina.

Tunauza bega kwa bega. Mimi ni ndengu, maharagwe na mahindi, yeye ni mitumba ya watoto. Siku ya soko belo, lile furushi kubwa la nguo, likifunguliwa, wanawake wanarukiana hapo kama kuku waliomwagiwa mtama, kila mtu akitafuta kamera, zile nguo za juu ambazo zinaonekana hazijavaliwa hata mara moja. Wa mwisho anabakishiwa fagia, matambara ya kupangusia meza. Waithira harukii. Anangoja kelele iishe, anachukua za katikati, anazikagua mshono kwa mshono, halafu anaketi na sindano. Kufika saa nne, hizo nguo zake zinashinda kamera za watu. Mara ngapi nimemwambia, "Mama Kibe, huo upole utakulaza njaa!" Anacheka tu.

Na kabla wateja waje, anasoma. Ana Biblia ya Kikuyu ambayo jalada lake lilikuwa limechanika, akalishonea kitambaa cha jinzi, na katikati ya kurasa ameweka nyuzi za rangi za kuonyesha pahali. Anasoma mistari michache, anafunga macho, anakaa hivyo. Mwanzoni ilinikera. Nilidhani ni maringo ya kiroho, si mnawajua hao watu? Siku moja nikamuuliza mbele ya kila mtu, "Mama Kibe, unasoma ama unalala?"

"Nasoma."

"Na macho yamefungwa?"

"Nimemaliza kusoma kitabu, sasa najiangalia mimi," akasema, na akarudi kwa mambo yake bila kununa. Wuui! Nikarudi kupanga ndengu zangu.

Sasa ngoja niwaeleze alipata wapi hiyo tabia, maana hakuzaliwa nayo.

Mumewe ni Kimotho, na sisi tunamwita Baba Kibe kwa sababu kijana wao wa kwanza ni Kibe, ambaye siku hizi ameoa na anaishi huko Athi River kwa kazi. Walihamia huku kwetu kutoka Murang'a, wakanunua shamba dogo nyuma ya soko, wakajenga, wakajifunza Kikamba cha kusalimia na cha kununulia vitu. Kimotho alikuwa fundi wa nyumba, na si fundi wa kubahatisha. Jiko langu la nje alijenga yeye, na mpaka leo halina ufa. Halafu siku moja alikuwa juu ya jengo huko Kinanie, mbao ya kusimamia ikateleza, akaanguka. Hospitalini wakasema mgongo umevunjika na miguu haitarudi. Mikono ilibaki mizima, kichwa kizima, sauti nzima. Lakini mwanaume aliyezoea kupanda juu ya nyumba za watu akawa wa kugeuzwa kitandani na mke wake.

Waithira akafanya vile sisi sote tungefanya. Alitafuta ahadi. Kila mstari wenye uponyaji ndani yake aliuandika kwa karatasi kubwa na kuubandika ukutani juu ya kitanda. Wageni nao tukaja na yetu. Mimi mwenyewe nilipeleka miwili, na nikamwonyesha mahali pazuri pa kuibandika, karibu na dirisha. Ukuta ukajaa hadi kwa mlango. Kimotho akawa analala hapo akitazamwa na maandishi pande zote.

Ndipo akaja mhubiri mmoja, Rodgers, na spika yake na suti ya bluu. Chumba kikajaa watu mpaka wengine wakasimama dirishani. Akasoma ile habari ya mtu aliyepooza ambaye rafiki zake wanne walimbeba, wakakuta mlango umefungana kwa watu, wakapanda wakatoboa paa, wakamteremsha kwa kamba mpaka mbele ya Yesu, na akasimama akaenda zake. Alipomaliza kusoma akamshika Kimotho makwapa, akamvuta juu, watu wakaanza kupiga vigelegele, na akamwachilia. Kimotho akaenda chini kwa uso. Kwa simiti. Nilisikia meno.

Na unajua Rodgers alisema nini? Ati hapa ndani kuna mtu mwenye shaka. Na akamtazama Waithira! Nilikuwa na mwiko mkononi, nilikuwa napika chai ya wageni, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimepima kabisa pahali pa kumgonga. Lakini Waithira alisema tu, "Pastor, asante kwa kuja. Nishikie miguu tumrudishe kitandani." Rodgers akashika miguu. Wakamrudisha. Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuangaliana.

Kesho yake nilipitia pale nikamkuta na kitambaa na maji, anabandua karatasi ukutani. Hakuwa anazirarua. Alikuwa analowesha kila moja pole pole isije ikang'oa rangi.

"Umekata tamaa, Mama Kibe?"

"Hapana. Ebu angalia hizi karatasi, Katunge. Zote zinamwambia vile anatakiwa kuwa. Hakuna hata moja imemuuliza vile yuko."

Basi kuanzia hapo akasoma vingine. Asubuhi, kabla ya soko, anamwosha mumewe, anampa uji, anakaa kando ya kitanda na kusoma kipande kidogo tu, labda kama mtu angesoma meseji ndefu kwa simu. Anafunga kitabu na kidole ndani. Halafu anauliza, "Ndani kuko aje, Baba Kibe?"

Siku za kwanza Kimotho alikuwa anageukia ukuta. Baadaye akaanza kujibu neno moja. Giza. Ama hasira. Ama hakuna kitu. Na Waithira, nasikia mpaka leo vile alikuwa anajibu, alikuwa anasema, "Haya." Haya tu! Hamwambii aache kusema hivyo, hamwambii kuna watu wako na shida kubwa kumshinda. Asubuhi inayofuata anatafuta pahali kwa kitabu ambapo kuna mtu mwingine aliye na hilo giza, ama hiyo hasira, na wanasoma hapo. Kumbe pahali kama hapo pako pengi! Kuna watu humo ndani wanamlilia Mungu, wanamgombeza, wanamuuliza amelala ama vipi. Mimi nilikuwa nimeenda kanisani tangu nikiwa mtoto na hakuna mtu alikuwa amenisomea hizo kurasa. Kwa harambee hazisomwi, kwa harusi hazisomwi.

Alikuwa na sheria moja, na hii aliniambia siku niliyomwomba anifundishe. "Ukiwa unasoma, halafu uanze kufikiria kwamba hayo maneno yanamfaa fulani, funga. Anza tena mwanzo. Hujasoma bado."

Nikaona hiyo ni rahisi. Nikaenda nyumbani, nikafungua kitabu, na kabla sijamaliza mstari wa pili nikamkumbuka Mama Masila, mwenyekiti wetu wa kikundi, vile maneno haya yangemkaa sawasawa. Nikafunga. Nikaanza tena. Mama Masila tena! Nikafunga. Ikafika pahali nikacheka peke yangu jikoni mpaka mbuzi akaniangalia. Lakini nikawa nimeelewa kitu kuhusu jirani yangu. Huyu mwanamke alikuwa anafanya kazi ngumu hapo amekaa na macho yamefungwa, na mimi nilikuwa namwita mtu wa kulala.

Kwa muda mrefu ilisaidia. Kimotho hakupona, lakini alikuwa hapo. Alijibu salamu. Alikuwa anakula. Akaanza kunyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo ndogo, amelala ubavu, ili isitupwe. Ukiingia na ukimuuliza habari, anakuambia habari yenyewe, si ile ya adabu. Mnaelewa? Watu wazima wangapi mnawajua ambao wanaweza kusema ndani yao kuko aje?

Halafu zamu ya mwethya ikafika kwao.

Mwethya ni kikundi chetu cha kazi, wanawake karibu wote wa kijiji. Leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu, na kabla ya mvua za Oktoba tunachimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo unautupa upande wa juu ili maji yasikimbie na shamba lako. Sheria ni kwamba nikikuchimbia, utanichimbia. Hakuna mtu anachimbiwa bure, na hakuna mtu anataka hiyo aibu. Waithira tulimwingiza hata kama ni mgeni, na akachimba kwa watu wote bila kukosa, na ndiye alikuwa anatusomea mistari kabla hatujaanza, kwa haraka haraka kwa sababu jua halingojei.

Siku hiyo Mama Masila alikuja kupima shamba lao, tuone matuta yatapita wapi. Mimi nilikuwa naye. Mama Masila si mtu mbaya, lakini amekauka. Mwaka uliopita alizika binti yake, na kutoka kaburini alienda moja kwa moja kuuliza kama sahani zote za kukodisha zimerudi. Hajawahi kumtaja tena. Basi tukawa tumesimama chini ya dirisha la Kimotho, na Mama Masila akasema, sauti yake ile ya kuita ng'ombe, "Hii nyumba ina watu wawili wazima na inaleta jembe moja. Sisi tutachimba, sawa. Lakini lazima isemwe."

Nikamfinya mkono. Alikuwa ameshasema.

Jioni hiyo Kimotho alikataa chakula. Asubuhi akakataa uji. Waithira akamuuliza ndani kuko aje, akasema, "Kumefungwa." Na akafunga mdomo. Maji alikuwa anakunywa, kidogo, lakini chakula hapana. Nesi wa kituo cha afya akaja, akampima, akamwambia Waithira pale nje kwamba mwili ule hauna akiba, na ikiendelea hivyo watamzika. Kibe akaja mbio kutoka Athi River, akamsihi babake akilia. Kimotho alimshika kichwa, akambariki, na hakula. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Mtu mwenye hasira anakula ili apigane. Huyu alikuwa anaaga.

Waithira alikuja soko siku hiyo kwa sababu hakujua pahali pengine pa kwenda. Hakufungua nguo. Alikaa juu ya gunia langu la ndengu.

"Katunge, nimeogopa," akasema. "Nilidhani nimejua kumsomea. Sasa nikifungua kitabu sioni pahali pake."

"Wapi mmefika?"

Akanionyesha uzi. Siku za karibuni walikuwa wameacha kutafuta hapa na pale, wanaenda kwa mpangilio, sura kwa sura, na iliyofuata ilikuwa ile ya mtu aliyepooza, ile ile ya Rodgers. Alikuwa ameiruka mara mbili akijifanya hajaiona.

"Ruka tena," nikamwambia. "Utammaliza."

Akatikisa kichwa. "Nikianza kumchagulia yale hayaumi, nitakuwa nimerudisha karatasi kwa ukuta." Akasimama. "Twende. Nataka uwe hapo, nisiwe peke yangu."

Tukaenda. Kimotho alikuwa amebaki macho na mifupa. Nilimsalimia akaitikia kwa kope. Waithira akakaa pahali pake, na akasoma ile habari yote kwa Kikuyu: wale wanne, umati, paa, kamba. Mimi nilikuwa nasikia Kikuyu cha kutosha kufuata, na nilikuwa nimeshika mbao ya kitanda kama niko kwa lori. Akamaliza. Akafunga na kidole ndani. Hakuuliza kitu. Nafikiri alikosa nguvu ya kuuliza.

Halafu ile sauti, kavu kabisa, ikasema kutoka kwa mto, "Na lile paa?"

"Paa gani, Baba Kibe?"

"Walilitoboa. Nyumba ya mtu. Nani alilirudishia?"

Aki nilicheka! Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika mdomo. Mtu anakufa, na anauliza habari ya paa! Fundi ni fundi. Waithira akafungua tena, akatafuta kwa kidole kwa bidii kabisa. "Haikuandikwa," akasema.

"Haikuandikwa," Kimotho akarudia. "Na huyo mgonjwa. Wanne walimbeba. Yeye aliwabebea nini?"

Hapo hakuna aliyecheka. Nikakumbuka lile dirisha, na sauti ya Mama Masila, na moto ukanipanda shingoni. Waithira naye hakuwa anajua habari ya dirisha, lakini alielewa. Angeweza kumpa jibu zuri la kanisa. Hata mimi nilikuwa nalo tayari mdomoni, kwamba Mungu anampenda hivyo alivyo. Yeye alimshika mkono tu, akasema, "Sijui, Baba Kibe. Sijui aliwabebea nini. Nimesoma mara nyingi na sijui."

Machozi yakamtoka Kimotho na kwenda masikioni, maana alikuwa amelala chali. "Kwangu mimi, hiyo ndiyo iko ndani," akasema. "Ni hiyo tu. Watu wanakuja kunichimbia, na mimi sina cha kuwabebea. Siwezi kula hicho chakula, Mama Kibe. Kinanikwama."

Sasa mimi hasira ikanishika, na nikishikwa na hasira huwa sichagui maneno. "Kwani wewe Baba Kibe unafikiri mwethya ni jembe peke yake? Cucu yule, huyo nyanya mwenye mgongo wa upinde, anashika watoto wetu chini ya mti, umesikia nani akimwambia hafanyi kazi? Anayeimba akituongoza anashika jembe kwa mdomo? Anayepika je? Na huyu mke wako anatusomea mbio mbio kama anafukuzwa, halafu anachimba, halafu anarudi hapa kukugeuza, koo limemkauka kwa vumbi, na wewe umelala hapo na sauti ya kujaza kanisa! Si utusomee wewe! Tuchimbe, usome! Ama unataka tukubembeleze?"

Waithira alinitazama kama nimemwagia mgonjwa maji. Kimotho alifumba macho. Jioni hakula.

Siku ya mwethya tulifika jua likichomoza, na majembe, na masepetu, na sufuria kubwa. Nilikuwa naogopa hata kuuliza. Waithira akatoka mlangoni. "Anasema abebwe nje," akasema. "Anasema asomewe hapana. Atasoma yeye."

Kiti cha magurudumu hakiwezi kupita kwa shamba la mawe, basi tukamweka kwa kiti cha plastiki, tukamfunga kifuani na leso asianguke, wanawake wanne tukashika miguu ya kiti na kumpeleka juu ya shamba, pale ambapo angeona mitaro yote. Alikuwa mwepesi vibaya sana. Mama Masila alitazama yote hayo na jembe begani, na uso wake ulikuwa ule wa kungoja ujinga uishe kazi ianze.

Kimotho alikuwa na Biblia ya Kiswahili, ili sisi Wakamba na yeye tusikie pamoja. Tukaanza kuchimba. Akaanza kusoma, na ile sauti, jamani! Ilikuwa imedhoofika lakini ilifika mpaka mtaro wa chini. Alikuwa amechagua zaburi moja ambayo sijui kama mnaijua, inayoanza kwa kilio na kuisha kwa kilio, haipandi hata mwishoni. Mtu anamwambia Mungu amemweka shimoni, amemwondolea rafiki zake, analia mchana na usiku na hajibiwi, na giza ndilo limebaki la kumfahamu. Majembe yakaanza kupunguza mwendo.

Mama Masila akasimama wima. "Baba Kibe," akaita, "hawa watu wanachimba. Wasomee kitu cha kuwapa nguvu. Mistari iko mingi."

Nilimwona Waithira mtaroni akiinua kichwa. Hii ndiyo ilikuwa dakika yenyewe. Kama Kimotho angeona haya, angefunga kitabu, tungembeba ndani, na hangetoka tena ila kwa jeneza.

"Najua iko mingi, Mama Masila," akasema. "Lakini hii ndiyo iko ndani yangu leo. Nikiwasomea nyingine nitakuwa nawadanganya, na nitakuwa sijafanya kazi. Hii ndiyo kazi niko nayo." Akatulia avute pumzi. "Niendelee ama niache?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea. Alisoma pole pole ule mstari wa mtu anayelia mchana na usiku na hajibiwi. Na Mama Masila hakuwa amerudi kuchimba. Alikuwa amesimama, mikono miwili juu ya mpini, anatazama udongo.

"Rudia hapo," akasema.

Kimotho akarudia.

"Tena."

Akarudia tena, na mabega ya yule mama yakaanza kutikisika. Hakulia kwa sauti. Alisema jina la binti yake mara moja, Ndinda, tukalisikia sote, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Waithira akapanda kutoka mtaroni, akaenda akasimama karibu naye bila kumshika, na hakumwambia chochote. Baadaye kidogo Mama Masila alijifuta na kitambaa cha kichwa, akatema mate mikononi, akainua jembe. "Soma, Baba Kibe," akasema. "Usipumzike pumzike, sisi hatupumziki."

Na alisoma! Alisoma mpaka jua likafika juu ya vichwa, hizo za kilio na nyingine za shukrani, zote alizitoa kwa sauti moja, na mahali mtu akitaka arudie alikuwa anarudia. Tulichimba mitaro yote, mpaka ule wa chini ambao tulikuwa tumepanga kuuacha. Watu walikuwa wanamwomba mistari. Yule anataka ile ya usingizi, huyu anataka ile ya mtu aliyesahauliwa na mamake. Sikujua tumebeba mambo mengi hivyo humo ndani, na tunachekeana kila siku sokoni.

Chakula kikaiva. Ilikuwa muthokoi, yale mahindi ya kutwangwa yakatoka ngozi, na maharagwe, sufuria ile ya kikundi, na hiyo ni ya waliofanya kazi, hata watoto wa mwenye shamba wanapikiwa chao kando. Anayepakua ni mwenyekiti. Sote tukakaa chini tukijifanya hatuangalii. Mama Masila akapakua sahani ya kwanza, ikajaa mpaka ikawa na kilele, akaibeba mwenyewe mpaka kwa kile kiti, akaiweka juu ya mapaja ya Kimotho na kurudi kwa sufuria.

Kimotho akaiangalia. Akashika kijiko. Mahindi mengine yakaanguka kwa leso. Akatia mdomoni. Akatafuna muda mrefu, akameza. Nilisikia ndege. Nilisikia mtoto wa mtu akinyonya.

Halafu akainua uso, akakunja ndita. "Mama Masila," akasema. "Hii chakula haina chumvi."

"Atiii!" Mama Masila akageuka na mwiko hewani. "Mtu amekaa kwa kiti siku nzima, na bado anataka chumvi!"

Shamba lote likaangua kicheko, na katikati ya hicho kicheko Kimotho akatia kijiko cha pili, na cha tatu, akaendelea kulalamika na mdomo umejaa.

Nikageuka kumtafuta Waithira. Hakuwa pale. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameegemea ukuta, vumbi la shamba usoni limechorwa mistari na machozi. Huyu mwanamke hakulia hospitalini, hakulia siku ya Rodgers, hakulia nesi alipomwambia ajitayarishe. Sasa alikuwa ameshika mdomo na mikono yote miwili, na nilipofika karibu alinishika bega akanitikisa kwa nguvu.

"Umesikia?" akaniuliza. "Katunge, umesikia? Anataka chumvi."

"Nimesikia, mwaitu, mama yetu," nikamwambia. "Mpelekee."